MAARIFA YA NYUMBANI: Fedha ya Siku, Fedha ya Mwezi na Fedha ya Msimu

Wazee wetu walituachia methali mbili ambazo ukizisikia pamoja utadhani zinagombana. Moja husema, haba na haba hujaza kibaba. Ya pili husema, bandu bandu huisha gogo. Ya kwanza humsifu akusanyaye kidogo kidogo. Ya pili humwonya atumiaye kidogo kidogo. Katika nyumba nyingi za huku kwetu mpakani, methali hizi mbili hulala chini ya paa moja. Mmoja wa wenye nyumba hupata fedha zake haba na haba, mwenzake hupata zake kwa mkupuo kama gogo zima, na magomvi huanzia hapo.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu husahauliwa tunapofanya makadirio ya mapato na matumizi ya nyumbani. Sisi huuliza, "Nyumba hii inapata kiasi gani?" Ni mara chache tunapouliza, "Inapata lini?" Nami nitaeleza, kwa aibu kidogo, jinsi swali hilo la pili lilivyonifunza kumheshimu mke wangu.

KALENDA TATU KATIKA BARABARA MOJA

Anayeufahamu mji wa Busia anajua kwamba ni mji mmoja wenye serikali mbili. Barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Kampala inaukata katikati. Upande huu Kenya, upande ule Uganda. Ukivuka na kushika njia ya kaskazini utafika Tororo, mji ulio chini ya mwamba mkubwa unaoonekana toka mbali. Busia ya Uganda yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi mwaka 1997. Watu wa pande hizi ni ndugu. Wasamia wako huku na huku, na Wateso vivyo hivyo.

Simama kando ya barabara hiyo asubuhi, nawe utawaona watu wa kalenda tatu wakipishana.

Wa kwanza ni watu wa siku. Hao ni wachukuzi wa mizigo, akina mama wa sokoni, na waendesha boda boda. Jina hili la boda boda, ambalo sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa mpakani tangu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli waliponadi safari ya kumvusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humwita kibarua yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Jua likizama, hesabu yake imefungwa.

Wa pili ni watu wa mwezi: walimu, makarani, wauguzi, askari, na wenye kazi za kudumu viwandani. Ng'ambo, Serikali ya Uganda imejiwekea kanuni ya kuwalipa watumishi wake kufikia tarehe 28 ya kila mwezi, na wenye maduka wa pande zote mbili wanaijua tarehe hiyo kama wanavyoijua Krismasi.

Wa tatu ni watu wa msimu, yaani wakulima. Mwenye mahindi hungoja mavuno mara moja au mbili kwa mwaka. Mwenye miwa hungoja zaidi. Muwa mpya huchukua kiasi cha mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa.

Sasa, ndugu msomaji, tazama nyumba moja yenye watu watatu: baba wa mwezi, mama wa siku na babu wa msimu. Kila mmoja anaufungua mkoba wake kwa saa yake. Lakini tumbo la mtoto lina kalenda moja tu, nayo ni ya kila siku.

MWEZI WA KALENDA NA MWEZI WA MBINGUNI

Mimi ni mtumishi wa serikali. Nilisomea ualimu, nikapata cheti, kisha nikahamishiwa kazi za ofisini. Hulipwa mara moja kwa mwezi. Mke wangu huuza dagaa sokoni, wale ambao kwetu huitwa omena na ng'ambo huitwa mukene. Huwapima kwa gorogoro, na faida yake huja kwa shilingi hamsini hapa na mia pale.

Kuna jambo moja juu ya biashara hiyo ambalo sikulitia maanani kwa miaka mingi. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa taa. Usiku wa giza hukusanyika penye mwanga na kuvuliwa kwa wingi. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haufui dafu, na samaki huadimika. Kwa hiyo mshahara wangu ulifuata mwezi wa kalenda, na faida ya mke wangu ilifuata mwezi wa mbinguni. Zilipokutana tarehe zangu za ukata na mbalamwezi yake, nyumba ilibana. Mimi nikasema ni uzembe.

Nilisema zaidi ya hayo. Jumapili moja dada yangu na mumewe walitutembelea kutoka Tororo. Nilikuwa nimeongeza chumba na kukiezeka kwa mabati mapya, nami nikawazungusha kwa fahari. Nikasema mbele ya wote, "Nyumba hii yote imetoka katika mshahara wangu. Fedha za sokoni hata sijui huenda wapi." Mama watoto hakujibu neno. Aliendelea kuwaandalia wageni chakula, ambacho yeye ndiye aliyekinunua.

Miezi michache baadaye mshahara wetu ulichelewa kwa siku kumi na moja. Siku ya nane mke wangu aliniambia, bila kupaza sauti, kwamba kesho yake hatakwenda sokoni. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Siumwi, baba watoto," akasema. "Sina cha kwenda kuuza."

Mtaji wake ulikuwa umekwisha. Tulikuwa tumeula.

SOMO LA TORORO

Nilivuka mpaka kwenda kwa dada yangu kukopa. Yeye ni mwalimu, na mumewe hufanya kazi za kutwa za ujenzi. Alinipa fedha, lakini kwanza alinipa chai, na pamoja na chai akanipa maneno.

"Mdogo wangu," alisema, "wewe ulifundishwa chuoni kuandaa maazimio ya kazi. Ukaambiwa uugawe mwaka kwa mihula, muhula kwa majuma, na juma kwa vipindi. Mwalimu hawezi kufundisha kitabu kizima siku ya kwanza ya muhula kisha akakaa kimya. Mbona mshahara wako unaufundisha wote siku moja?"

Kisha akanikumbusha neno ambalo nilikuwa nimelisikia kila nilipovuka mpaka bila kulifikiri. Sisi huku tunasonga ugali. Wao wanasonga posho. Asili ya neno hilo ni mgawo wa chakula waliopewa vibarua zamani za ukoloni. Katika mashamba makubwa, kama yale ya mkonge kule Tanganyika, kibarua alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na fedha yake aliipata zilipotimia. Lakini hata mwajiri yule, ambaye hakusifika kwa huruma, alijua kwamba mtu hawezi kufanya kazi siku 30 kwa kutazama kipande. Akampimia unga kila juma. Fedha ililipwa kwa mwezi, chakula kikapimwa kwa juma. Nchini Uganda jina la mgawo likawa jina la chakula chenyewe. Tanzania likabaki kuwa jina la malipo ya kujikimu.

"Basi mimi," akasema dada, "tarehe 28 huwa mwajiri wa jiko langu. Nalipimia posho kwa majuma manne, kila fungu ndani ya bahasha yake. Fedha ya kutwa ya shemeji yako hununua mboga na maziwa, na ikipungua nguvu kwa ajili ya mvua, jiko halizimiki."

TULIVYOANDIKA DAFTARI

Niliporudi nilichukua daftari la shule, nikapiga mistari, nikamwomba mama watoto tuandike kila kitu kwa siku 30: nini kimenunuliwa, kwa kiasi gani, na kwa fedha ya nani. Alikubali kwa shingo upande, akidhani natafuta ushahidi dhidi yake.

Haya ndiyo tuliyoyakuta. Mshahara uliofika mkononi baada ya makato ulikuwa shilingi 27,000 za Kenya. Kodi ya nyumba ya mjini, 6,000. Ujenzi wa kiwanja chetu, 8,000. Mama yangu mzazi, 2,000. Nauli, umeme na maji, 4,500. Unga, sukari, mafuta na sabuni za mwanzo wa mwezi, 6,500. Gogo likaisha.

Yeye alikwenda sokoni siku 26 na kupata faida ya shilingi 450 kwa siku kwa wastani, jumla 11,700. Lakini fedha alizotoa kwa mboga, makaa, maziwa, dawa ya kikohozi, penseli, na unga wa majuma mawili ya mwisho zilifika 12,900. Alitumia shilingi 1,200 zaidi ya faida yake, na hizo zilitoka katika mtaji. Mwezi hadi mwezi alikuwa akibandua gogo lake ili langu lionekane zima. Nilipojumlisha gharama za jiko na vitu vidogo vya nyumba, 19,400, karibu theluthi mbili zilikuwa zake.

Nilimwonyesha hesabu. Akaitazama kwa muda, kisha akasema, "Fedha yangu huwezi kuiona, baba watoto, kwa sababu umekwisha kuila."

Ndugu wasomaji, sentensi hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Fedha ijayo kwa mkupuo hununua vitu vinavyobaki: mabati, kiwanja, kitanda, baiskeli. Fedha ijayo kila siku hununua vitu vinavyotoweka: chumvi, mchicha, makaa, nauli ya kwenda zahanati. Mwenye kununua vinavyobaki huitwa mjenzi. Mwenye kununua vinavyotoweka huitwa mtumiaji, hata kama ndiye aliyemlisha mjenzi. Na kwa kuwa mara nyingi mwenye mkupuo ni baba na mwenye haba na haba ni mama, nyumba nyingi humnyima mama sifa, na ikitokea mfarakano humnyima na mali.

YALIYOCHUNGUZWA NA WATAALAMU

Jambo hili halikuanza nyumbani kwangu. Wataalamu wa uchumi wamelichunguza karibu na hapa. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walichapisha mwaka 2016 uchunguzi uliofanyika Rarieda, katika Siaya jirani yetu. Jamaa maskini walipewa fedha bila masharti, wengine kwa mkupuo mmoja, wengine kidogo kidogo kila mwezi. Waliopata kwa mkupuo walielekea zaidi kununua vitu vya kudumu. Waliopata kila mwezi walielekea kuwa na uhakika zaidi wa chakula.

Hapa kwetu Busia, katika soko la Bumala, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifuatilia, kuanzia mwaka 2006, wafanya biashara wadogo waliofunguliwa akaunti katika benki ya kijiji. Akaunti hizo hazikulipa riba, na kutoa fedha kulitozwa ada. Ungedhani hakuna atakayezitaka. Lakini akina mama wa soko wengi walizitumia, na walioweka humo waliongeza fedha walizotia katika biashara zao. Walichokosa mwanzo ni mahali ambapo shilingi ya leo ingelala salama mpaka kesho, mbali na mikono ya wenye shida za leo, na wa kwanza kati ya hao ni watu wa nyumbani mwao.

Na kule Kiambu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wafugaji wengi huuza maziwa kwa ushirika unaolipa mwisho wa mwezi, ingawa wachuuzi huwapa bei nzuri zaidi papo kwa papo. Hukubali kupunjwa kidogo ili fedha yao ije ikiwa gogo. Basi wote wawili, mwenye siku na mwenye mwezi, kila mmoja anahitaji alichonacho mwenzake.

YAFAAYO KUFANYWA NYUMBANI

Nashauri mambo matano, yote tumeyajaribu.

Kwanza, andikeni kwa siku 30 bila kugombana. Siku hizo ziwe za kuandika tu, si za kuhukumu. Asiyejua kusoma atamkiwe, mtoto wa shule aandike.

Pili, kila matumizi yapewe fedha yenye kalenda inayofanana nayo. Mboga na maziwa ni vya fedha ya siku. Kodi, umeme, unga na mafuta ni vya fedha ya mwezi. Mabati, mbegu na gunia la mahindi ni vya fedha ya msimu. Ada za shule huja kwa mihula mitatu, basi zitengewe fungu kila mwezi kabla ya muhula kufika. Nanyi mnaosomesha watoto pande mbili, kumbukeni kwamba tarehe za kufungua shule za Kenya na za Uganda hazilingani.

Tatu, mwenye mwezi alipimie jiko posho. Vitu visivyooza vinunuliwe kwa wingi mshahara ufikapo, kwa maana anayenunua mafuta na sukari kwa vipimo vidogo hulipa zaidi kwa kitu kile kile. Mahindi yanunuliwe wakati wa mavuno yanapokuwa rahisi, yakaushwe sawasawa kabla ya kutiwa guniani, yasije yakaliwa na dumuzi na kuvu.

Nne, mtaji wa mwenye siku usiguswe. Utengwe na faida jioni ile ile, kabla ya chungu kuinjikwa. Kwa kuwa fedha ya mkononi haina mlinzi, ipelekwe katika chama, ambacho watu wa pwani hukiita upatu, au katika ushirika wa akiba na mikopo, au iwekwe katika simu ya mwenyewe. Mwenye kuuzia wateja wa pande mbili abadilishe fedha ya ng'ambo mapema; thamani ya shilingi mbili hizi hupanda na kushuka, na akiba haifai kuwa bahati nasibu.

Tano, mwenye mwezi asijifunge kwa mikopo. Sheria ile ya mwaka 2007 inakataza makato yote kuzidi theluthi mbili za mshahara, lakini theluthi moja iliyobaki ni ukomo wa sheria, si kipimo cha maisha mema. Na mkopo wa simu unaotozwa ada kila siku ni moto wa makumbi. Huuoni ukiwaka, lakini unakula.

Najua wako watakaosema kwamba mpango haupiki ugali. Ni kweli. Mchukuzi wa mzigo ambaye leo hakupata mzigo hana cha kupangia, na hakuna bahasha inayoweza kuongeza shilingi ambayo haikuingia. Mishahara ikichelewa, kosa si la mama wa jikoni. Ninachosema ni hiki tu: kile kidogo kilichoingia kisigeuzwe kuwa sababu ya dharau.

Sisi tulipunguza fedha ya ujenzi kutoka 8,000 hadi 4,500. Zile 3,500 zikarudi jikoni. Katika mwezi wa tano mama watoto alikuwa ameurudisha mtaji wake wote, na mbalamwezi ikifika hukaa nyumbani siku mbili akipumzika, jambo ambalo zamani hakuthubutu. Nyumba yetu ya kiwanjani bado haijakwisha. Upande wa jiko uko wazi, na mvua za vuli zitaukuta hivyo.

Dada yangu na shemeji walikuja tena hivi karibuni. Niliwazungusha kama kawaida yangu. Tulipofika penye kile chumba chenye mabati nikawaambia kwamba kimeezekwa kwa dagaa. Shemeji alicheka, akidhani nafanya mzaha. Mama watoto naye alicheka, na yeye alijua kwamba sifanyi.

Juma lijalo, inshallah, tutazungumza juu ya kuhifadhi nafaka zisiharibiwe na wadudu. Kaeni salama, na jioni ya leo mwulizeni mwenzenu wa nyumbani swali lile la pili: inapata lini?